Nyuzi za Ndani ya Kola

Wewe unayesikiliza, nikutege: wako weusi, wamepanga foleni kwenye uwanja mweupe, anayewajua wanamsimulia habari za mbali, asiyewajua wanamkodolea macho tu. Ni nini hao? Usinipe mji mapema hivyo, fikiri kidogo. Haya basi. Ni herufi. Na herufi hizo hizo ndizo zilizoingiza kilio katika nyumba moja ya madobi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili. Cha nyuma cha kulala, cha mbele cha kazi: meza ndefu ya kupigia pasi, pasi mbili za mkaa, na kamba iliyolemewa na nguo za watu. Humo walikuwamo Bibi, binti yake, na mjukuu wa miaka minane ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano. Jina lilimfaa kwa wembamba wake, na tena yeye ndiye aliyekuwa akimtungia Bibi uzi, maana macho ya Bibi yalishaanza kumsaliti.

Kila nguo iliyoingia pale ilishonewa alama ya uzi ndani ya kola. Mwekundu mafundo mawili, muuguzi. Kijani fundo moja, dereva wa lori. Alama zilikuwa zaidi ya sitini, na Sindano alizijua zote kama vidole vyake.

"Bibi, hili shati la fundi magari umelitia kwenye furushi la mwalimu. Unataka aingie darasani ananuka grisi?"

"Nimekoma, mke mwenzangu," Bibi angesema, na wote wawili wangecheka mpaka wapaliwe.

Lakini mfungulie daftari sasa. Kicheko kilikatika, mabega yakapanda mpaka masikioni, na kidole kikabaki palepale juu ya neno la kwanza, kikitoa jasho.

Jumatatu moja mama yake aliitwa shuleni. Aliporudi hakuvua hata viatu. Alilitupa daftari juu ya meza.

"Wenzake wanasoma hadithi ukurasa mzima, Mama. Huyu bado anakwama kwenye silabi! Ameshalirudia darasa la kwanza mara moja. Mwalimu mkuu anasema akianguka na mwaka huu, nimtafutie pengine pa kwenda. Pengine wapi? Nani atampokea?"

"Mtoto hajakataa kusoma. Mpe muda."

"Muda! Wewe ndiye unayemdekeza kwa vitendawili vyako na hizi nyuzi zako. Na kaka naye ulimpa muda?"

Bibi akaishika pasi, akaipuliza. Majivu yakaruka.

"Nakuuliza, Mama. Tangu nina miaka mitano nakuuliza. Kaka yangu aliondoka kwa nini?"

"Alikwenda kutafuta kazi."

"Mtoto wa miaka kumi na miwili? Kazi gani?"

Bibi alipiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa. Hakumwambia binti yake kwamba zile nyuzi hazikuwa zake. Yule kaka mtu ndiye aliyezibuni, mezani pale, siku alipoambiwa aandike majina ya wateja akashindwa.

Kesho yake binti alitoa amri. Nyuzi basi. Kuanzia siku hiyo kila nguo ingebandikwa karatasi yenye jina, na Sindano ndiye angeandika. Mama yake angeandika jina mara moja, mtoto angelinakili kwenye karatasi nyingine na kulifunga kwa pini. "Atasoma akitaka asitake. Na wewe Mama, nakuomba, usimsaidie. Hata kwa jicho."

Alhamisi zililetwa suti mbili nyeusi. Moja ya kinyozi wa kona, aliyekuwa akijiandaa kumwoza binti yake. Nyingine ya karani mstaafu, aliyefariki usiku wa kuamkia siku hiyo. Mwanawe mkubwa aliileta ikiwa imekunjwa kwenye gazeti, akaomba iwe safi mapema, wamvalishe mzee. Mama mtu akaandika majina mawili, akamwambia Sindano kubwa ni ya marehemu, akatoka kwenda kuteka maji.

Sindano alinakili. Alinakili vizuri, ulimi nje, kama mtu anayechora maua. Kisha akasimama na karatasi mkono huu, karatasi mkono ule, suti mbili mbele yake. Akaitazama hii. Akaitazama ile. Akafunua kola, akakuta hamna uzi. Ndipo alipomgeukia Bibi.

Bibi aliyaona yale macho. Aliwahi kuyaona kabla, kwenye uso mwingine. Akakumbuka amri, akainamia beseni la wanga, akajifanya anatafuta kitu.

Pini zikaingia.

Marehemu alizikwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi kinyozi akaja kuchukua suti yake, akaivaa palepale chumba cha mbele ajaribu. Mikono ilimmeza, suruali ikaburuza.

"Dada, hii ya nani? Hii tunaingia wawili!"

Mama yake Sindano akaisoma karatasi. Ilikuwa na jina la kinyozi, sawasawa. Kisha akaifunua kola ya suti, akatafuta uzi usiokuwapo.

Kinyozi si mjinga. "Ngoja kwanza. Unataka kuniambia suti yangu imezikwa? Mimi nipo hai, suti imetangulia?" Alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliivua pole pole, akaiweka mezani kwa mikono miwili kama kitu kinachoumwa.

Mchana akaja mwana wa marehemu. Habari zilishamfika. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Haikumwingia," alisema. "Tulilipasua koti mgongo mzima. Tukasema, masikini baba, ugonjwa umemvimbisha. Mama yangu alilia kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe." Akaichukua suti ya baba yake. Alipofika mlangoni akasema, "Nguo zetu zilizobaki, tutazifuata," akaenda zake.

Mkaa ulisikika ukipasuka ndani ya pasi.

"Njoo hapa," mama akasema.

Sindano alikuja. Hakulia, alikuwa ameshaacha kulia tangu Alhamisi, na hilo Bibi alikuwa ameliona. Mama yake akamshika kifundo cha mkono, akaulaza mkono wa mtoto juu ya meza, vidole vimetandazwa, shubiri moja kutoka kwenye pasi.

"Mkono huu ndio ulioandika? Basi utajifunza leo." Akachomoa hanga ya mbao ya kutundikia nguo kwenye kamba, akainyanyua.

Sindano aligeuza uso, akamtazama Bibi.

Safari hii Bibi hakuinama. Alizunguka meza, magoti yakimlia, akaufunika ule mkono mdogo kwa mkono wake mwenyewe.

"Nipige mimi."

"Mama, ondoka! Unamharibu! Unataka awe kama kaka, apotelee huko, asijulikane yu hai au amekufa?"

"Teremsha hiyo hanga, mwanangu. Umeniuliza miaka thelathini. Leo nakujibu."

Hanga ilibaki juu.

"Hakwenda kutafuta kazi," Bibi alisema. "Kaka yako alikuwa hivi hivi. Mwepesi wa kila kitu, ila herufi zilimkataa. Hizi nyuzi ni zake, alizitunga ili anifae. Mimi sikuona. Mimi niliona uvivu. Jioni moja nikamkalisha hapa, meza hii hii, nikamwekea kitabu mbele na pasi kando. Nikamwambia, soma. Ukikosea tena, mkono huo utakuwa wangu."

Akaisogeza pasi mbali na ule mkono mdogo.

"Akakosea. Nikaulaza mkono wake hapa, nikaishusha pasi juu yake, na asubuhi hakuwapo."