Pipa la Kula Moshi

"Mume wa mtu kila jioni yuko kwako anafanya nini?" Mama Pacha aliuliza juu ya ukuta, kwa sauti ya kutosha kufika nyumba ya nne.

"Anakaa," mjane alijibu, huku akianua nguo. "Njoo umwone, mlango haujafungwa."

"Usinitanie! Watu wanasema!"

"Si wewe ndiye unayewaambia, mwenzangu?"

Madirishani watu walicheka, na mmoja akapunguza redio asije akapitwa. Mama Pacha akakunja mikono ya gauni, akazunguka ukuta, akaingia.

Uani alimkuta mumewe ameketi kando ya pipa la bluu lililovishwa blanketi, shati wazi. Uzi mwembamba wa moshi ulimtoka puani, ukakatiza uani bila haraka, ukaingia kwenye tundu la pipa. Chini, mrija ulidondosha spiriti ndani ya chupa.

Ndani ya pipa waliishi bakteria wa marehemu mume wa mjane. Marehemu aliwatunza miaka tisa katika kiwanda cha chuma cha hapo mtaani: gesi ya tanuri ilipitishwa kwao, wakaila, wakatoa spiriti safi. Wakubwa walipoona kuachia moshi angani ni rahisi zaidi, waliagiza bakteria wamwagwe mtaroni. Yeye alibeba ndoo moja nyumbani, na kila siku alipima joto lao kwa kiwiko, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Kifua chake mwenyewe kilitoa chupa tatu. Ya nne haikujaa. Barua ya kiwanda ilisema kilichomuua ni sigara. Hakuwahi kuvuta hata moja.

Mjane alichovya kiwiko ndani ya pipa, akaliweka blanketi vizuri.

"Mbona hukuniambia?" Mama Pacha alimuuliza mumewe.

"Ungesema niache kazi kiwandani."

"Ningesema, ndiyo."

"Na pacha watakula nini?"

Mama Pacha aliinama kuitazama chupa. "Leo katoa kiasi gani?"

"Nusu," mjane alisema. "Juzi ilikuwa robo. Kiwandani wamewaongezea zamu."

Mume akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu, haikukwama popote, na mkewe, ambaye kwa miaka miwili alilala akisikiliza kikohozi, aliifuata mpaka ikaisha. Kisha akamfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja.

Nyuma ya mapaa dohani ya kiwanda iliendelea kutema moshi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi mume angekuwa tena mbele ya tanuri, akikijaza kifua alichokimwaga leo.

"Kesho nitamleta mwenyewe," Mama Pacha alisema, kwa sauti ndogo ambayo majirani walisikitika kuikosa.

"Mlete. Na sasa hivi kawaite pacha, hii sufuria ni kubwa na mimi kula peke yangu kumenichosha." Mjane alisogeza pazia la mlango. "Shemeji, nawa mikono. Na wewe mwenzangu, ingia, chakula kinapoa."