Kiganja cha Mamkubwa Zeyana

Shoga, hata chai sijanywa, nimekuja mbio kukwambia!

Unakumbuka bangili ya mamkubwa Zeyana ilipopotea, akasomesha kisomo cha Halbadiri ili mwizi aumbuke? Baada ya miezi minane vidole viwili vya mama yangu Sichana vikaanza kujikunja, havinyooki. Basi! Mji mzima: "Sichana ndo mwizi, kisomo kimemshika." Na mwenye kulisambaza ni Zeyana, dada yake wa tumbo moja! Toka hapo mama haitwi arusini, naye kwa biriani hana mwenziwe.

Mimi na masomo yangu ya maabara nikampeleka kwa daktari. Kumbe utando chini ya ngozi ya kiganja umekaza, maradhi yanajulikana. Akapima na damu: protini moja, ile inayolinda mapafu, iko chini. "Huenda vinahusiana, huenda havihusiani, wataalamu bado wanabishana," akasema. "Lakini vyote hutembea kwenye ukoo. Ana ndugu?"

Ndugu! Nikacheka peke yangu mpaka nyumbani Chukwani.

Jana kulikuwa na kisomo kwa Bi Riyama, Michenzani, wanawake wamejaa. Nikamwendea mamkubwa.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Nikambusu mkono huku nnapapasa kiganja: chini ya ngozi kuna kinundu kigumu, kama kokwa ya ukwaju. Alhamdulillahi!

"Mamkubwa, weka kiganja mezani, kilale bapa."

"Cha nini?"

"Jaribio la daktari." Nikaweka changu, kikalala. Cha Bi Riyama kikalala. Kila mtu akajaribu, vicheko tele, ikabidi na yeye aweke.

Kikasimama kama kaa.

"Kha! Na wewe umeiba nini, mamkubwa?"

Bi Riyama akatua kikombe. "Zeyana, kisomo chako kimekurudia mwenyewe?"

Mamkubwa akanivuta buibui. "Yusra mwanangu, matibabu yapo?"

"Yapo. Ni maradhi ya ukoo wetu, nshamuuliza daktari, ntakupeleka. Lakini kwanza hili." Nikampigia mama, nikaweka spika.

"Naam?"

"Sichana..." Mamkubwa akaisogelea simu. "Nisamehe. Hukuiba."

Mama akajibu: "Sema kwa nguvu, Zeyana. Simu inakatika."

Wallahi, simu haikuwa inakatika hata kidogo. Mama alimfanya arejee maneno hayo mara tatu.