Kiti Kirefu cha Atuganile

Ilikuwa mwaka 1974, siku ya jaribio la kazi ya uchapaji katika ofisi moja mjini Mbeya, na Atuganile alikuwa amejikunja kwenye kigoda. Taipureta ilimfika kidevuni, mabega yamempanda masikioni, vifundo vya mikono vinawaka moto.

“Dada, unachapa au unachungulia ukutani?” Shija, mshindani wake, alimcheka.

Viti virefu vilikuwepo. Lakini msimamizi, Mzee Yotamu, rika la baba yake, alikuwa ameketi kwenye benchi fupi, na nyumbani kwao binti hakai juu kuliko mzee. Kazi aliitaka mno, ila adabu je?

Mzee Yotamu akang'amua. Akainuka, akaegemea ukuta.

“Haya mwanangu, nimesimama. Sasa kalia kiti chochote, hunizidi!”

Atuganile akarukia kiti kirefu. Viwiko vikalingana na mashine, mabega yakashuka, na lo! Vidole vikamwagika kama mvua juu ya mabati! Akachomoa karatasi ya mwisho Shija akiwa bado anatafuta herufi.

“Kaka Shija, unachapa au unasali?”

Mzee Yotamu akatangaza kuwa kazi ni ya Atuganile. Kisha akamwomba, kwa unyenyekevu, ruhusa ya kukaa.