Filimbi na Pini

Saa mbili na robo asubuhi mlango wa chumba cha mifupa ulifunguliwa. Juu ya meza ilikuwapo mifupa miwili, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Lydia aliiona tangu kizingitini. Alikuwa anarudia mtihani wa anatomia katika chuo kimoja cha afya mjini Dodoma, na akianguka tena angerudia mwaka mzima.

Safari hii alikuwa amebadili mbinu. Badala ya kukariri majina, alitafuta asili yake ya Kilatini: patela ni kisahani, klavikula ni kifunguo, tibia ni filimbi, fibula ni pini ya kufungia nguo. Aliyanong'ona siku nzima hata mwanafunzi mwenzake, Kefa, akaanza kumwita padri. Asubuhi hiyo nje ya mlango alimuuliza misa inaanza saa ngapi. Lydia, ambaye ni Mwanglikana, alimwambia asubiri sadaka.

Mtahini, Mwalimu Fabian, aliitikia shikamoo yake, akagusa mfupa mwembamba na kuuliza jina.

"Tibia," alisema Lydia bila kusita.

Mwalimu aliandika sifuri, kisha akataka kujua sababu. Lydia alieleza kwamba tibia ni filimbi, na filimbi anayoijua yeye ni ya babu yake kule Mkonze, ya tete, nyembamba kama kidole.

"Warumi hawakumwona babu yako," alisema Fabian. "Filimbi za kale zilichongwa kwa mfupa wa goko la mnyama. Huo ni mfupa upi?"

Lydia aliinama, akapapasa goko lake mwenyewe. Chini ya ngozi, kuanzia gotini, ulishuka mfupa mpana wenye ukingo mkali. Akaunyanyua ule mnene mezani.

"Huu ndio tibia, Mwalimu. Ule mwembamba ni fibula. Ni pini, haibebi mzigo. Inakaa ubavuni, upande wa nje."

"Wa mguu upi?"

Aliugeuza ule mnene, ukingo ukatazama mbele. Ncha ya chini ilikuwa na nundu ya kifundo, nayo ilielekea kushoto kwake. Nundu hiyo hukaa upande wa ndani.

"Wa kulia."

Fabian aliuliza maswali mengine matatu ya mguu huo huo, na yote akayajibu. Ile sifuri hakuifuta. Alijumlisha alama, akasaini.

"Umefaulu," alisema. "Mwite Kefa."

Lydia alifungua mlango, akamwita.