Aliyeshika Nyuma ya Mti

Januarius alishuka kwenye basi pale Dutwa asubuhi, akajipangusa vumbi la safari, akauliza njia ya kwa Kashindye. Hakuwa na haja ya kuuliza. Mlio wa mashine ya kusaga ulisikika hadi barabarani, nao ukampeleka wenyewe.

Mwaka ule wa 1957 alikuwa ameacha ualimu na kuandikia gazeti dogo la Mwanza. Mhariri wake alitaka habari za watu walioanzisha biashara kwa jasho lao, na jina la Kashindye lilikuwa limefika mjini. Ndiye aliyeleta mashine ya kwanza katika eneo lile, wakati wanawake bado wakisaga mahindi kwa mawe.

Kashindye alikuwa mtu wa makamo, mnene, nyusi zimejaa unga. Alimkaribisha mgeni kivulini na kusimulia bila kungoja swali.

"Nilianza na mikono hii miwili. Hakuna aliyenisaidia. Injini niliifuata Mwanza mwenyewe. Nilipofika mto Duma, mto umejaa, gari la ng'ombe halipiti. Nikaifungua vipande vipande. Lile gurudumu kubwa nikalifunga katikati ya mti mrefu, nikaubeba mti, nikavuka."

Hapo akanyamaza, akajifuta paji la uso kwa kiganja cha kushoto, akatazama chini.

"Maji yalinifika kifuani. Mungu ndiye shahidi yangu."

Januarius aliandika yote. Ilikuwa habari tamu, na alimpenda mzee yule. Lakini utotoni alikuwa amebeba mizigo ya namna ile na kaka yake, na alijua jinsi mti unavyolala mabegani.

"Nani alishika upande wa nyuma?" akauliza.

"Mimi."

"Na mbele?"

"Mimi," akasema Kashindye. Hakukasirika wala hakucheka. Alimtazama tu, kama mtu aliyejibu vizuri.

Pale nje wateja walikuwa wamekaa juu ya magunia yao. Januarius aliona afadhali asikie kwa wengine pia, maana mtu akijieleza mwenyewe hujikatia kitambaa kinachomkaa. Akamsogelea mkulima mmoja wa pamba, jina lake Shigela, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Hii mashine ililetwaje?"

"Alianza na mikono yake miwili," akasema Shigela. "Hakuna aliyemsaidia. Alipofika mto Duma, mto umejaa, gari la ng'ombe halipiti." Akaendelea hadi kwenye lile gurudumu, akanyamaza, akajifuta paji la uso kwa kiganja cha kushoto, akatazama chini. "Maji yalimfika kifuani. Mungu ndiye shahidi yake."

"Ulikuwepo?"

"Hapana."

Akaenda kwa Thomasi, katekista, mtu mwenye kusoma na kupima maneno. Thomasi alisema yaleyale. Hata mahali pa kuvuta pumzi palikuwa palepale, na kiganja kikapanda usoni. Kila mmoja alikuwa na sauti yake, lakini maneno yalitoka kama unga unaotoka kwenye mdomo mmoja wa mashine.

Akaketi pembeni ajipange. Aliandika sentensi ya kwanza ya habari yake, akaisoma: *Alianza na mikono yake miwili, hakuna aliyemsaidia.* Hakukumbuka kuichagua. Alipoinua macho alikuta kiganja chake cha kushoto kiko kwenye paji lake la uso.

Akakishusha haraka, akaifuta sentensi ile, akazunguka nyuma ya nyumba.

Milembe, mke wa Kashindye, alikuwa akipepeta mtama. Alimpa mgeni kigoda, akaulizwa, akaanza.

"Alianza na mikono yake miwili. Hakuna aliyemsaidia..."

"Mayu, samahani," Januarius akamkatiza, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kabla ya mto. Siku ile anatoka hapa nyumbani. Ulimfungia chakula?"

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Niliwafungia viazi."

"Wewe umesema 'niliwafungia'. Walikuwa wangapi?"

Mashine iliendelea kuunguruma upande wa pili wa ukuta.

"Walitoka wawili," akasema polepole, kama anayejaribu mguu uliovunjika. "Yeye na Ngeleja, kaka yangu. Akarudi peke yake. Akaniambia Ngeleja kabaki Mwanza, anatafuta lori la kwenda Tanga, kukata mkonge. Nikakaa nikimngoja."

"Ulimuuliza tena?"

"Kila nilipotaka kuuliza, alikuwa anasimulia ile habari ya mto. Nikaisikia, nikaisikia, mpaka nikawa naisimulia mimi." Akauweka ungo chini. "Mti ule una ncha mbili, mwandishi."

Ndipo mashine ikazimika. Hakuna aliyejua jinsi ukimya ulivyo mzito Dutwa mpaka dakika ile. Kashindye alitokea kwenye kona ya nyumba, mweupe kwa unga kuanzia kichwani hadi miguuni, akasimama. Kisha akasema kwa upole, "Basi la Mwanza linakaribia kupita."

Januarius aliandika habari yenye watu wawili. Aliandika alichoambiwa na Kashindye, akaandika alichoambiwa na Milembe, na kwamba wa pili hakuonekana tena. Mhariri alinung'unika, lakini aliichapa.

Msimu wa pamba ulipofika, safari nyingine ilimpitisha Dutwa. Basi liliposimama alishuka kunywa maji. Shigela alikuwa pale, akimsimulia mgeni mmoja.

"Walikuwa wawili," alikuwa akisema. "Ngeleja alishika nyuma. Katikati ya mto akaogopa, akaachia mti, akachukuliwa na maji. Kashindye akabaki na gurudumu peke yake. Hakuna aliyemsaidia." Akanyamaza, kiganja kikapanda usoni.

Januarius hakumaliza maji yake.

"Milembe yuko wapi?" akauliza.

"Amekwenda kwao Mkula kusalimia," akajibu Shigela. "Atarudi."

Januarius akamfuata. Huko Mkula alimkuta amenyoa nywele kwa msiba wa kaka yake, ameketi mkekani na wanawake wa ukoo. Walikuwa wamelia, sasa wametulia. Januarius alitoa pole, akakaa chini, akangoja hadi mama mmoja alipomletea uji.

"Sitaki habari ya mto," akamwambia Milembe. "Niambie habari za Ngeleja."

Milembe alifikiri. Ilionekana kama anatafuta kitu ndani ya nyumba yenye giza, akipapasa ukuta.

"Aliogopa mbwa," akasema mwishowe. "Mtu mrefu vile. Akiona mbwa, hata mtoto wa mbwa, anajificha nyuma yangu." Wanawake wawili wakacheka, mmoja akafunika uso kwa kanga. "Na alikuwa anaimba akila. Mama alimkataza mpaka akachoka."

Akaendelea, na hakuna neno lililofanana na yale ya Dutwa.