Sketi Iliyofuliwa Lima

Watu wa sinema walikuja kutoka Lima, mji mkuu, wakati wa kuvuna viazi. Kwa kuwa wao hawavuni, walikuwa na nafasi ya kupita nyumba hadi nyumba wakiulizia nguo za zamani. Kwangu walifika wawili: Renzo, mkuu wao, na Fiorella, binti wa mavazi, aliyekuwa akihema kwa kupanda mlima kama kuku aliyefukuzwa.

"Mama Dominga," Renzo akasema, "tumesikia unayo sketi ya binti yako."

Ninayo. Lali aliondoka na waasi akiwa na miaka kumi na saba, akaiacha inaning'inia msumarini. Hakurudi, wala maiti yake sikuletewa. Kwetu mtu akifa, siku ya tano jamaa hushuka mtoni kufua nguo zake, kisha wote hukaa na wafiwa, wakitafuna majani ya koka na kumtaja marehemu. Nguo zisipofuliwa, mtu hajafa. Basi mimi sikufua. Miaka yote hiyo sketi ilikaa na matope yake ya shambani, na moshi wa jiko langu, na harufu nyingine niliyoijua mimi tu.

"Nitawapa," nikasema, "lakini msichana wenu atakayemwigiza acheke japo mara moja. Wangu alikuwa anacheka hata kanisani."

Renzo akajikuna shingo. "Mama, watu wanataka kuelewa mtu anageukaje kuwa muasi."

"Aligeuka huku anacheka. Utamwelewaje ukimnunisha?"

Akaahidi. Nami mjinga nikaamini. Upweke humfanya mtu amwamini yeyote anayelitaja jina la mwanawe, na hapa kijijini hakuna aliyelitaja tangu alipokwenda. Sisemi Lali alikuwa malaika. Alishika bunduki, na wapo wajane hapa ambao nikipishana nao nainamisha uso.

Mwaka uliofuata wakarudi kuonyesha sinema yao shuleni, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Msichana wa Lima akatokea na sketi ya Lali. Kila akitokea, ngoma zinanguruma. Macho kayatoa, taya kaikaza, hata viazi anavila kwa hasira. Nani hula viazi kwa hasira? Akampiga meya risasi, watoto wakazomea. Mimi nikawa nangoja acheke. Mara mablanketi yakashushwa, jua likaingia, watu wakainuka.

Mlangoni Fiorella akanikabidhi mfuko, uso umemjaa furaha. "Sketi yako hiyo, mama. Ilikuwa chafu! Nimeifua kwa mkono wangu mwenyewe."

Nikafungua. Ilinukia sabuni ya maua.

Sikumgombeza. Mtoto wa watu, angejuaje? Lakini nguo ikishafuliwa imefuliwa, na wafiwa sharti wakae. Nikachemsha mahindi sufuria kubwa, nikatoa koka, nikaenda kwa jirani yangu Teodosia. Ndiye aliyemkata Lali nywele za kwanza, na kwa desturi yetu akawa mama yake wa pili.

"Mwenzangu, nguo ya Lali imefuliwa. Njoo tukae."

Akabaki ameushika mlango. "Lali? Baada ya yale niliyoyaona leo?"

"Yule ni mtoto wa Lima, Teo! Wetu ulimbeba mgongoni."

"Najua." Machozi yakamlenga. "Tangu nitoke shuleni namtafuta wetu. Nikimtafuta, anakuja huyu aliyetoa macho. Nisamehe, dada. Huyu siwezi kumlilia."

Akarudishia mlango polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Nikakaa peke yangu mbele ya mahindi ya watu kumi. Ikabidi nimtaje mwenyewe, kwa sauti, maana desturi haingoji wenye nafasi. Nikaeleza alivyomfukuza kondoo hadi wote wawili wakatumbukia kijitoni, akatoka kalowa chepechepe, hoi kwa kicheko. Nikafumba macho nimwone.

Akaja yule wa Lima, kanuna.