Idonea Anyamaza Jumapili Tatu

Hakuna aliyebisha kwamba Idonea, mke wa Hamo mtengeneza ngozi, alikuwa na maono. Sisi tulilalamikia sauti. Padri Gervas akifika tu kwenye mateso ya Bwana, mama huyo yuko chini, analia mpaka madirisha yanatetemeka, na mahubiri yanafia hapo. Mtaa wetu mjini Norwich, Uingereza, ulikuwa haujasikia mwisho wa hubiri miaka minne.

Sasa Kristo kamtokea tena, kamwambia aende Yerusalemu. Lakini mke wa mtu habarikiwi fimbo na mkoba wa hija mpaka mumewe atamke mbele ya altare kwamba amemruhusu. Na Hamo hataki.

"Nani atakwangua ngozi, huyo Kristo wako?"

"Mume wangu, usikufuru."

"Basi tupatane. Nyamaza Jumapili tatu kanisani, nami nitatamka. Ukitoa kwikwi hata mara moja, unarudi kwenye pipa la chokaa la kulowekea ngozi, na Yerusalemu usiitaje tena."

Waliyasema hayo kilabuni kwangu, watu wakacheka mpaka pombe ikaniishia.

Jumapili ya kwanza, kimya. Ya pili alijiuma mdomo hadi damu, kimya. Kufikia ya tatu tulikuwa tumejua kwamba Padri Gervas hana mwisho wa hubiri. Miaka yote alikuwa akiokolewa na kilio. Alimzunguka nyangumi wa Yona kama mbuzi aliyefungwa kamba. Shoga yangu Sabina akamfinya Idonea kiunoni.

"Lia, mwenzetu, tutakufa humu."

Idonea akauma tena mdomo, mpaka Padri akachoka mwenyewe akasema amina.

Ikawa zamu ya Hamo. Akasogea altareni, akasema, "Namruhusu," kisha akaangua kilio cha fahali. Labda ni mapenzi, labda ni zile ngozi. Padri akapiga magoti.

"Mmeona karama ya machozi? Roho amemshukia."

Wanaume wakavua kofia. Ndio hao hao waliosema kilio cha mkewe ni cha pepo.

"Idonea, binti yangu," akasema Padri, "huwezi kumwacha mtakatifu bila wa kumpikia."

"Ameshatamka, Padri. Bariki fimbo." Akainyoosha mbele yake. "Na mtakatifu hahitaji kula. Mimi nilipofunga, si ndivyo mlivyoniambia?"

Padri akaibariki, naye akaenda zake Yerusalemu. Hamo analia kila Jumapili, na watu wanatoka vijijini kuja kumsikiliza. Mimi nauza pombe, silalamiki. Ila ngozi zinaoza bila wa kuzikwangua, na mtaa mzima unanuka utakatifu wake.